Blanketi la Kashindi

Nyinyi vijana mnaofika hapa kwangu Kilibula, simu mkononi, mnanikasirisha, na heri niwaambie kabla sijawapa kiti. Mnasimama mlangoni, pikipiki nje hata haijazimwa, mnasema: "Tate, mzee wetu, tunatafuta babu yetu. Babeleji balimufunga. Jina yake ndiyo hii. Tuangalizie haraka." Haraka! Mtu alichukuliwa na Serikali nzima ya Wabelgiji, yenye bunduki na meli, akafichwa mahali ambapo hata mkewe hakuambiwa, na wewe unataka nikupatie kabla mafuta ya pikipiki hayajakwisha.

Basi nimeamua kuyaandika mara moja, msome wenyewe. Nimechoka kurudia.

Kazi yangu ilikuwa mabuku. Miaka mingi, hadi macho yalipokataa, nilitunza makaratasi katika biro, ofisi ya Serikali hapa Uvira. Sikusoma sana. Niliishia mwaka wa sita kwa mapadri, na Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza. Lakini nilikuwa kijana wa kucheka, wa kuimba njiani, wa kulia nikiona mbwa amepigwa jiwe. Niliingia biro mwaka mmoja kabla ya uhuru, na niliingia na ndoto moja tu kichwani: kumpata babu yangu Kashindi.

Kashindi alikuwa baba wa baba yangu. Askari walimchukua wakati baba yangu bado anatambaa. Ukoo mzima ulijua sababu: wizi. "Aliiba mbegu za Serikali." Hivyo ndivyo alivyosema mdogo wake, babu Bitondo, aliyebaki kuwa mkubwa wa familia. Miaka miwili baadaye Bitondo akatangaza kwamba kaka yake amekufa. Maiti haikuwapo, basi akafanya kama wanavyofanya watu wetu mtu akipotea: akakata shina la mgomba, likavikwa nguo, likazikwa, watu wakanyoa vichwa. Halafu akaja kwa mke wa kaka yake kumrithi, maana mjane alikuwa akirithiwa na mdogo wa marehemu.

Mke huyo alikuwa koko wangu, yaani bibi yangu, Feza. Akakataa kunyolewa.

"Mumezika mugomba," aliwaambia. "Basi mutafutie mugomba mujane wake. Minye Feza, bwana yangu alipelekwa, hakufa. Muniletee muntu anayejua alikufia wapi, ndiyo nitanyoa."

Kwa maneno hayo alinyang'anywa shamba lote la kule tambarare ya Ruzizi. Bitondo akalichukua. Koko akahamia Kilibula na mtoto mgongoni, akaanza kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakavu na wabichi. Wanaume walimwita mke wa mwizi mbele ya karai lake la samaki, na yeye aliwapimia samaki wao. Baba yangu alikua, akanizaa, akafa, na koko bado hajanyoa. Alitaka kujua mambo mawili tu kabla hajaingia kaburini: kama bwana wake alikufa, na kama kweli aliiba.

Mimi nilipokuwa mdogo niliamini babu atashuka bandarini Kalundu siku moja, na kofia, na sanduku, na nitambebea hilo sanduku hadi nyumbani watu wote wakiona. Ndiyo maana niliomba kazi ya mabuku. Wenzangu waliomba kuwa makarani wapate tai.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Anzuruni, Mbembe wa kule kusini, karani mkubwa wa biro, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nyavu. Siku ya kwanza aliniona nalamba kidole nifungue ukurasa.

"Riziki, usilambe kidole," akasema. "Ndani ya mabuku haya tumeweka dawa ya panya. Ukikufa, minye ndiye nitachota maji ya biro."

Hilo liandikeni. Msilambe kidole. Na mkifungua buku la zamani, fungueni kutoka katikati, si kutoka mwanzo, maana mgongo wake ukivunjika kurasa za kwanza zinaanguka, na mtu wako huenda ndiye yuko kwenye zile za kwanza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la majivuno: sikumuuliza mtu. Nilichukua buku la gereza, lile kubwa la jalada jekundu, nikaanza kutafuta jina la Kashindi. Kila nilipomaliza kazi zangu nilibaki nalo. Mstari kwa mstari, mwaka kwa mwaka. Ilinichukua msimu mzima wa mvua. Mzee Anzuruni aliniona kila siku, akaniacha, mzee yule, akaniacha nihangaike.

"Umemaliza?" akaniuliza mwishoni.

"Nimemaliza. Hayuko."

"Hawezi kuwa mule. Hilo ni buku ya batu benye balihukumiwa. Babu yako, juge gani alimuhukumu?"

Nikasema sijui.

"Hakuna. Muntu mwenye bazungu banamuogopa hawamupeleki kwa juge, kwa sababu juge atauliza maswali. Wanaandika barua moja, muntu anapanda meli. Yule wa juge iko na siku ya kurudi. Yule wa barua hana siku."

Sikilizeni hapo, nyinyi mnaokuja kuniuliza "alifungwa miaka mingapi?" Wengi wa watu wenu hawakufungwa. Waliondolewa. Mtu anatolewa kwao kando ya ziwa anatupwa msituni kwa watu ambao hajui lugha yao, analimishwa huko chini ya ulinzi, na hakuna aliyemwambia ni mpaka lini. Kisha nyumbani, kwa kuwa Serikali haikutoa sababu, watu wanajitungia sababu. Wanasema aliiba.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" nikamuuliza mzee.

"Ungenisikia? Ulikuwa unaimba."

Kweli, nilikuwa naimba. Na hapo nafika kwenye jambo ambalo likinijia hata leo naacha kula.

Siku chache kabla ya uhuru, Administrateri, Mzungu mkuu wa wilaya, alituamuru tutoe makaratasi ya kabati la nyuma tuyapeleke uani. Huko walikuwa wamewasha moto katika pipa. Nikabeba. Mikono ilikuwa na nguvu, moyo ulikuwa na furaha, uhuru unakuja, Wazungu wanafunga mizigo, nani asingeimba? Nilikwenda na kurudi mara nyingi kuliko wote, naimba, natupa motoni, naimba. Mzee Anzuruni alisimama dirishani, haimbi.

Tulipomaliza akaniita. "Unajua ulikuwa umebeba nini?"

"Makaratasi ya zamani, mzee."

"Barua za kupelekea batu mbali. Zote."

Nikakaa chini pale pale, kwenye majivu. Nilikuwa nimemchoma babu yangu kwa mikono yangu nikiimba wimbo wa uhuru wake. Kama mnataka kujua hasira yangu ilizaliwa wapi, ilizaliwa kwenye pipa lile. Nilimkasirikia Mzungu, ndiyo. Lakini Mzungu alijua anachofanya. Mimi ndiye niliyekuwa mjinga mwenye sauti nzuri.

Mzee aliniacha nilie, kisha akainama akaninong'oneza. "Wamechoma batu. Blanketi hawakuchoma."

Sasa fungueni masikio, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Kila aliyeondolewa alipewa blanketi moja na sahani moja ya bati kutoka ghala la gereza. Mtu akishapanda meli, Uvira haimhesabu tena, si wao. Lakini blanketi ni la Uvira. Mkuu wa ghala lazima aandike limekwenda wapi na nani, la sivyo akija mkaguzi ataulizwa liko wapi. Kwa hiyo Serikali iliyochoma majina ya watu iliacha buku la ghala zima kabisa, ili wanaoondoka waweze kuwakabidhi wanaoingia mablanketi, majembe na sahani. Fuateni blanketi. Aliyewapeleka watu wenu mbali hakujali mtu alifika wapi, ila alijali kitambaa chake.

Mnadhani tulilifungua kesho yake? Lilikuwa limehamishiwa ghala la mabuku pale biroini, lenye kufuli, na ufunguo ukapita kutoka kwa Mzungu hadi kwa mtu wetu, mweusi kama mimi, aliyevaa koti la Mzungu yule yule.

"Ile ni siri ya Serikali," akaniambia.

"Serikali gani, mukubwa? Ile iliondoka."

"Siri haikuondoka."

Miaka minne nilipita mbele ya mlango ule. Miaka minne baada ya uhuru, koko anauza ndagala anaitwa mke wa mwizi, na haki yake imelala nyuma ya kufuli ninaloweza kuligusa kwa mkono.

Katikati ya miaka hiyo nilifanya kosa lingine, na hili nalo lisomeni vizuri. Mama mmoja wa mtaa wa Kimanga, muuza sabuni, alikuwa akimtafuta kaka yake. Katika barua moja ya misheni nikaona jina hilo hilo, mtu yu hai, anaomba kurudi. Sikusoma ukurasa wa pili. Nilikimbia hadi Kimanga nikapiga kelele tangu barabarani. Wakapika pombe, wakapaka nyumba chokaa, wakashinda Kalundu siku tatu kila meli ikifika. Ukurasa wa pili ulionyesha kwamba ni mtu mwingine, wa kijiji kingine. Yule mama hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mzee Anzuruni ndiye aliyenitukana kwa niaba yake. "Soma mpaka mwisho ukiwa peke yako," akasema. "Halafu ndiyo ufungue mudomo. Weye Mungu alikupa mudomo mbele ya akili."

Basi waasi waliopinga Serikali mpya wakashika Uvira. Mnaposoma habari zao mnapenda kuuliza walikuwa wazuri au wabaya. Mimi nawaambia walivunja kufuli. Mzee Anzuruni alivua tai, akaficha miwani ndani ya kanzu ya mkewe, maana mwenye miwani na tai alihesabiwa kuwa mtu wa Wabelgiji, kisha yeye na mkewe wakaondoka kwa miguu kuelekea kwao kusini. Mimi nikabaki kwa sababu ya koko. Komanda wao, kijana wa rika langu mwenye viatu vya mpira vya padri, alinikuta biroini, akaniuliza mlango ule ni wa nini. Nikamwambia ni ghala la mabuku ya zamani. Akalipiga kufuli kwa kitako cha bunduki mara mbili, likaanguka.

Nilitaka kumkumbatia.

"Vizuri," akasema. "Sasa weye karani, iko kazi yako. Utafute ndani ya mabuku hii nani aliuzisha batu kwa Babeleji. Jumamosi nataka majina."

Mji wote ulijua majina hayo yanakwenda wapi. Wenye majina waliitwa asubuhi, na jioni mke alikwenda kuchukua viatu.

Siku ya tatu nilimpata. Buku la ghala, katikati, mstari wenye wino wa buluu uliofifia. Kashindi, mlimaji, wa kijiji chetu, ameondolewa. Blanketi moja, sahani moja. Meli hadi Albertville, kisha treni, kisha jina la kambi huko msituni upande wa jua kuzama, jina ambalo sikuwa nimelisikia maishani. Na pembeni, kwa mkono mwingine, miaka miwili na miezi kadhaa baadaye: blanketi moja limerudi. Sababu: kifo.

Blanketi lilirudi Uvira. Lilisafirishwa njia ile yote, treni, ziwa, likarudi kwenye rafu yake. Mstari wa chini linatolewa tena, kwa mtu mwingine, anayepelekwa kambi ile ile. Hata kufuliwa sidhani. Na katika miaka ile yote hakuna aliyetembea kutoka gereza hadi Kilibula, mwendo wa kuvuta sigara moja, kumwambia mwanamke mmoja: mume wako amekufa.

Nyuma ya ukurasa huo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechomwa pini yenye kutu. Mkuu wa ghala hakutoa kitu bila karatasi ya kumpa ruhusa, basi aliibandika pale. Niliiona. Nikadhani ni risiti.

Haya, semeni wenyewe: nilisoma mpaka mwisho nikiwa peke yangu? Nilichomoa ukurasa wote, nikauweka ndani ya shati, nikakimbia.

Na sikukimbilia kwa koko. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa mke kwanza. Inapelekwa kwa mkubwa wa familia, yeye ndiye anayejua atamwambiaje mjane. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo mimi, kijana wa adabu, nilikwenda Kasenga moja kwa moja, kwa babu Bitondo.

Alikuwa uani kwake, kwenye kiti cha kamba, anakula muhogo wa kuchoma.

"Babu, nimemupata Kashindi."

Akaacha kutafuna. "Iko wapi?"

"Alikufa. Iko ndani ya buku." Nikamsomea mstari wote. Akashusha pumzi.

"Unaona? Minye nilisema zamani. Koko yako na kichwa yake nguvu, ametusumbua bure."

"Na hapa nyuma kuko karatasi ingine."

"Soma basi, mutoto wa masomo."

Nikaikunjua, nikaanza kutafsiri. Kifaransa changu kilikuwa cha kwenda polepole, sikujua sentensi inaelekea wapi mpaka nifike. "Huyu Kashindi... amechemusha mbegu za pamba alizopewa na agronomo, yule Mzungu wa mashamba... ili zikipandwa zisiote... akaambia agronomo kama udongo ndio umekataa... akafundisha na majirani... Ni muntu wa hatari. Apelekwe mbali, bila muda. Jambo hili limejulikana kwa sababu amesemewa na mudogo wake, anayeitwa..."

Nikainua macho. Muhogo ulikuwa bado mkononi mwake.

"Soma," akasema. "Umeanza, maliza."

"Bitondo," nikasoma.

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake. Aliwatupia kipande cha muhogo, kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Weye hujalazwa chini," akasema. "Pamba haikuota kijiji kizima, agronomo akatulaza wote, fimbo. Kashindi alikuwa anacheka. Amelazwa, anacheka! Kesho yake wakanilaza tena, minye peke yangu. Nikasema."

"Na wizi?"

"Batu balitaka sababu."

"Na shamba? Na koko?"

Akanitazama shati. "Nimesikia Jumamosi unapeleka majina kwa Komanda."

"Ndiyo."

"Jina yangu ni fupi. Haitachokesha mukono yako."

Nitawaambia ukweli, maana mkifikiri nilikuwa mwema hamtajifunza kitu. Nilitaka. Mimi niliyelilia mbwa, nilitoka pale nikilihesabu jina lile herufi kwa herufi, nikiona tayari viatu vyake mikononi mwa mtu mwingine. Kusemea chini ya fimbo, hilo ningeweza kulielewa. Lakini fimbo haikumwambia amwite kaka yake mwizi. Fimbo haikumwambia azike mgomba.

Nikavunja mila, nikaenda kwa koko. Alikuwa akianika ndagala. Nikamsomea kila kitu, mbele na nyuma. Nilipofika kwenye mbegu aliniambia nirudie.

"Alichemusha?"

"Ndiyo, koko. Mbegu zote."

"Sufuria yangu!" akasema. "Ile nyeusi! Aliniambia anachemusha dawa ya mugongo!" Akaanza kucheka, mikono ina magamba ya samaki, akacheka mpaka akakaa chini, mpaka sikujua tena kama anacheka. Kisha akauliza: "Na blanketi lilirudi kweli?"

"Lilirudi."

"Wakamupa nani?"

Nikamsomea jina la yule wa mstari wa chini. "Mungu amusaidie huyo," akasema. Halafu akafuta mikono. "Komanda ameona karatasi?"

"Bado. Koko, huyu Bitondo anastahili..."

"Nani amekuuliza? Bwana alikuwa wako?" Akanyoosha mkono. "Lete."

Kesho yake alikwenda Kasenga na wanawake wa Kilibula, akaketi mbele ya mlango wa Bitondo, na akamlilia mume wake. Kwa mara ya kwanza tangu achukuliwe. Alimlilia kwa sauti ya msichana, akimsifu kwa kuchemsha mbegu, na watu walikuwa wanasimama barabarani wanauliza mbegu gani. Bitondo, akiwa mkubwa wa familia, ilimpasa atoke na wembe. Akatoka nao.

"Wembe mupatie Riziki," koko akamwambia. "Weye ulishatunyolea mara moja."

Nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa chake Komanda alipopita na watu wake wawili. "Nani amekufa hapa?"

"Bwana yangu," koko akasema. "Babeleji balimuua, zamani."

"Nani alimuuzisha?"

Bitondo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Ukuta wa nyumba ndio uliokuwa ukimshikilia.

Koko akainua uso, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina mvi. "Huyo ni wangu," akasema. "Si wenu."

Komanda hakuzoea kujibiwa hivyo. Akanigeukia mimi. "Karani, weye unajua kusoma. Jina iko?"

Nilimtazama Bitondo. Kisha nikamtazama koko, naye alikuwa amefumba macho, anangoja wembe uendelee.

"Mwisho wa karatasi ulikuliwa na panya, Komanda," nikasema.

Ni uongo pekee niliousema juu ya buku katika kazi yangu yote, na niliusema kwa ajili ya mtu niliyemchukia. Komanda aliwacheka panya wa Wabelgiji, akapita. Jumamosi nilimpelekea majina ya makapita, wasimamizi weusi wa Wabelgiji, waliokuwa wameshakufa siku nyingi. Aliyapokea, akatafuta watu, akaonyeshwa makaburi, na kabla hajarudi kwangu alipelekwa kupigana sehemu nyingine.

Siku ile ile, watu walipotawanyika, koko alimwambia Bitondo sharti lake. Vita vikiisha atapita kila nyumba ya ukoo, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme Kashindi hakuiba, na aseme nani alimsemea. Bitondo aliapa. Siku ile angeapa hata kwamba yeye ni samaki.

Vita vikaisha, askari wa Serikali wakarudi, na Bitondo akanenepa tena. Tulimngoja mwezi mmoja. Mwishowe koko alichukua fimbo yake ya kutembelea, tukaenda Kasenga.

"Mambo gani?" Bitondo akasema. "Ile ilikuwa wakati ya woga. Nimesahau." Kisha akanitazama, akatabasamu. "Na huyu Riziki, alikuwa karani ya waasi, si ndiyo? Aliandika majina. Sasa minye pia niko na jina ya kupeleka."

Wakati ule walikuwa wakichukua watu kwa neno moja kama hilo, na hakuna aliyeuliza kama majina uliyoandika yalikuwa ya wafu.

Koko hakuinua hata sauti. "Peleka," akamwambia. "Umezoea."

Mke wa Bitondo alichungulia kutoka jikoni, akarudi ndani. Kisha mumewe akanyanyuka, akaingia nyumbani, akatoka na kofia yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi yangu. Koko alibaki nje ya uzio, nikaenda naye mimi, kusikiliza. Bitondo alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema kwa haraka: "Kashindi hakuiba. Alichemusha mbegu za pamba. Alisemewa kwa agronomo, akapelekwa, akakufia huko." Akageuka kuondoka.

Nilikuwa nimesimama njiani. "Alisemewa na nani?"

"Na muntu ya familia."

"Nani?"

Shangazi yangu alikuwa ameacha kutwanga.

"Na minye," akasema.

Katika nyumba ya pili akaliruka tena jina lake, nikamrudisha mlangoni. Ya tatu vilevile. Tulizunguka siku nne, kutoka Kasenga hadi kwenye mashamba ya tambarare, na hakuna hata mlango mmoja ambapo alijitaja bila kuulizwa. Nikamuuliza kwenye kila mlango.